Kitovu Kilichobaki Mulanda

Ndugu yangu mdogo alizaliwa Mulanda, wilaya ya Tororo, mwezi wa Juni 2008. Waliokuja Kiryandongo na malori ya mwaka ule hawahitaji kuelezwa Mulanda ni wapi. Kwa nyinyi wengine: ni pale walipotuweka sisi Wakenya tuliovuka Busia na Malaba baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 kutangazwa na nyumba kuanza kuchomwa. Sisemi kabila langu hapa, wanaosoma wanajua kwa nini. Nilikuwa na miaka minane. Nakumbuka hema, matope, na mama akiwa na tumbo kubwa kwenye foleni ya maji. Kabla mwaka haujaisha tukaletwa huku Kiryandongo, ndugu yangu akiwa mgongoni.

Tangu aanze kusikia, ameambiwa neno moja na mama kila akikosea: "Wewe mtoto, kitovu chako tulikiacha Mulanda, ndiyo maana hutulii." Ni utani, lakini si utani mtupu. Kwetu, na kwa majirani zetu Wakongo na Waacholi pia, kitovu kikizikwa mahali, mahali hapo pana neno la kusema juu yako. Mtu akiuliza "kitovu chako kimezikwa wapi?" haulizi habari za uzazi. Anauliza wewe ni wa wapi, na ukifa tukupeleke wapi.

Mwaka jana ndugu yangu alikuwa anajaza fomu ya shule, akafika mahali palipoandikwa nyumbani. Akapaacha wazi siku tatu. Kenya hajawahi kulala hata usiku mmoja. Kiryandongo anaijua kila njia, lakini tangu azaliwe anaambiwa hapa ni kwa muda. Siku ya nne akaniambia, "Kaka, twende Mulanda nikaone."

Kazi yangu ni ya vijana. Mpira, vikao vya Jumamosi, kusikiliza mambo ambayo hawawezi kumwambia mzazi. Nikaona hii nayo ni kazi. Tukajikusanyia nauli.

Asubuhi ya kuondoka, jirani yetu akaja na shilingi 90,000 zimefungwa kwenye kitambaa. Mtoto wake ana selimundu. Wanaoijua selimundu wanaijua: mtoto analia mifupa usiku kucha, macho ya manjano, damu ya kuongezwa kila mara. Alikuwa amesikia kwamba Busia kuna mtu anauza pakiti za unga wa "stem seli", zinatoka kwenye kitovu, zinatengeneza damu mpya. "Mwanangu, si mtapita huko? Niletee hizi, hata mbili." Nikazipokea. Nilipokea kabla sijafikiri, na mengi ya haya ninayoandika nimeyafikiri kwa sababu pesa hizo zilikuwa mfukoni mwangu, si zangu.

Mulanda tulifika mchana. Hakuna kitu cha kuona. Watu wanalima, watoto wanatoka shule. Tulimkuta nyanya mmoja Mjopadhola anaanika mtama, anayekumbuka wakati wa mahema. Tukaongea kwa Kiswahili chake cha sokoni na changu. Nikamweleza tumetafuta nini. Hakucheka. Akauliza, "Mama yenu alijifungulia hemani ama kwa daktari?" Nikasema alipelekwa kwenye kituo cha afya. "Basi kondo lake na kitovu viliingia shimoni," akasema. "Wote waliozaa huko, vyao viko shimoni. Mlimuuliza mama kama alipewa?"

Nikampigia mama simu pale pale. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema hakuna aliyemuuliza. Alipoinua kichwa, mtoto yuko kifuani na vingine havipo tena. Aliona aibu kuuliza, mgeni katika nchi ya watu, anaombaje tena na hicho? Kile kipande kidogo kilichobaki tumboni kwa mtoto kilipokauka na kudondoka, kama siku ya nane hivi, ndicho alichokifunga kwenye kipande cha kanga akakizika chini ya mwembe.

"Mwembe gani?" ndugu yangu akauliza kwenye simu.

"Ule mkubwa."

Tuligeuka tukaangalia. Mulanda ina miembe mingi na yote ni mikubwa. Miaka 16 imepita.

Jioni hiyo tulilala Tororo mjini kwa mama mmoja, binamu wa mwalimu ninayefanya naye kazi. Tulipomsimulia, alicheka kwa huruma, akasema, "Ya mama yenu ilikwenda shimoni, yangu ilikwenda kwa darubini." Kumbe alikuwa mmoja wa wanawake walioingia kwenye utafiti wa malaria ya wajawazito mwaka 2014. Wengi wenu, hasa nyinyi wafanyakazi wa mashirika, huenda mnaujua. Wanawake 300 wa Tororo waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa dawa ya zamani ya kuzuia malaria, ile inayoitwa fansidar, na mawili yakapewa dawa mpya zaidi, moja mara tatu wakati wa mimba, jingine kila mwezi. Walipojifungua, kondo la nyuma lilichunguzwa, na damu ya kitovu ikachukuliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Kwa wale wa dawa ya zamani, nusu ya makondo yalikuwa na alama za malaria. Kwa wale wa kila mwezi ilikuwa asilimia 27. Baadaye utafiti mwingine ukafanywa wilaya ya Busia kwa wanawake 782, na huko wakaona kwamba malaria ilipungua sana kwa dawa mpya lakini watoto kuzaliwa mapema au wadogo hakukupungua. Hilo nalo ni jibu, hata kama si lile lililotamaniwa.

Huyu mama hakuwa na habari za asilimia. Alichokumbuka ni kwamba alisomewa karatasi kwa lugha yake, akaambiwa anaweza kukataa na bado atatibiwa, akaenda nyumbani akamwambia mume, mama mkwe akakasirika, wakakubaliana. "Niliwaambia chukueni. Lakini mimi ndiye niliyesema chukueni."

Hapo ndugu yangu akauliza swali lililotukalisha mpaka taa ikaisha chaji. Kama kitovu ni kitu kikubwa hivyo, je, yupi alifanya vibaya: aliyetupa shimoni au aliyepeleka maabara? Na kama si kitu, sisi tumetoka Kiryandongo mpaka huku kutafuta nini?

Kesho yake tulikutana na kijana anayefanya kazi maabara, rafiki wa mwenyeji wetu, akatueleza kwa subira. Mengine nimeyasoma baadaye kwa simu. Mimi biolojia yangu ni ya S.4, kwa hiyo nawapa kama nilivyoielewa.

Kitovu kina mishipa mitatu ya damu, miwili inatoka kwa mtoto na mmoja unaenda kwake, na mishipa hiyo imezungukwa na ute mzito kama uji ulioganda. Ute huo unaitwa kwa jina la Thomas Wharton, Mwingereza aliyeuandika mwaka 1656. Ndani ya kitovu kuna seli shina za aina mbili, na watu wa biashara wanapenda kuzichanganya. Za kwanza ziko kwenye damu ya kitovu. Hizo ndizo zinazozaa damu. Za pili ziko kwenye ule ute, nazo hazizai damu. Zinaweza kuwa mfupa, mafuta, gegedu.

Sasa kilichonishangaza ni hizi za ute. Ukizichukua ukazilea kwenye sahani ya plastiki, na pembeni ukalea seli zilizotoka chini ya ngozi ya mkono wa mtu mzima, anayeangalia kwa darubini hawezi kukuambia kwa urahisi ipi ni ipi. Zote ni nyembamba zenye ncha mbili, kama omena, au mukene kama wanavyosema hapa. Zote zinang'ang'ania plastiki. Zote zinatengeneza zile nyuzi zinazoshikilia mwili. Mwaka 2006 wanasayansi walikubaliana juu ya alama fulani za kutambulisha seli shina za namna hiyo, kama kitambulisho. Shida ni kwamba seli za kawaida za ngozi zinabeba alama nyingi zile zile. Yaani kitambulisho kimoja, watu wawili. Tofauti zipo: za kitovu ni changa, zinagawanyika mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Lakini kwa sura ni ndugu.

Halafu kuna jambo kubwa kuliko hilo. Mwaka 1962 Mwingereza John Gurdon alionyesha kwamba kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, kikiwekwa ndani ya yai lililoondolewa kiini chake, kinaweza kukua mpaka kuwa kiluwiluwi kizima. Chura wenyewe ni wa kwetu Afrika, wa kusini huko. Mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka akafanya jambo rahisi zaidi na la ajabu zaidi: alichukua seli za ngozi za panya, akaziingizia jeni nne tu, zikarudi utotoni, zikawa seli zinazoweza kuwa karibu kitu chochote cha mwili. Mwaka 2007 akafanya hivyo kwa ngozi ya binadamu. Mwaka 2012 wote wawili wakapewa Nobel.

Maana yake ni kwamba ile seli ya ngozi haikuwa imepoteza kitu. Ndani yake kulikuwa na maandishi yote ya kutengeneza moyo, ubongo, damu. Ilikuwa inasoma ukurasa mmoja tu, wa ngozi, na kurasa nyingine zimefungwa.

Kijana wa maabara alipomaliza, ndugu yangu akasema, "Basi kitovu hakina kitu cha pekee. Nikijikuna kiwiko, nimetupa vitovu elfu." Akacheka. Mimi sikucheka. Nilifikiria hilo njia yote mpaka Busia, na naona alisema kweli kuliko alivyojua, ila akaishia katikati.

Tuseme wazee walikiheshimu kitovu kwa sababu ya uwezo ulio ndani yake, kwamba ni mbegu ya mtu. Kama ndiyo sababu, basi tangu 2007 heshima hiyo inadaiwa na kila ukoko wa kidonda. Hakuna anayezika ukoko wa kidonda. Kwa hiyo ama wazee walikosea, ama sababu haikuwa hiyo. Mimi naona haikuwa hiyo. Hawakuwa na darubini, hawakujua seli. Walichokijua ni kwamba kitu hiki kilikuwa cha watu wawili kwa wakati mmoja. Ngozi ni yangu. Kitovu kilikuwa njia kati ya mimi na mama, na siku kilipokatwa hakikuwa tena cha yeyote peke yake. Baganda walikiita kitovu cha Kabaka pacha wake, wakakipamba na kukihifadhi. Pacha si sehemu yako, ni mwenzako. Na mwenzako huwezi kumtupa bila kuuliza, hata kama hana kazi tena.

Kuna wanaosema: aa, ni taka tu ya hospitali. Nawajibu kwa habari ya Henrietta Lacks. Mama mweusi wa Marekani, mwaka 1951 alikuwa anatibiwa saratani Baltimore, wakamkata kipande cha uvimbe bila kumwuliza. Seli zake hazikufa. Zinagawanyika mpaka leo katika maabara za dunia nzima, zimesaidia kutengeneza chanjo ya polio, kampuni zimetajirika, na watoto wake walikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua. Mwaka 2023 ndipo kampuni moja ilipokubaliana na familia nje ya mahakama. Kile kipande nacho kiliitwa taka. Taka ya maskini ina tabia ya kugeuka mali ikishatoka mkononi mwake.

Kwa hiyo mimi silaumu kilichokwenda kwa darubini. Nikilinganisha mama yangu na mwenyeji wetu wa Tororo, kilichopelekwa mbali zaidi na kukatwakatwa zaidi ndicho kilichoheshimiwa zaidi. Mwenyeji wetu anajua kilipo na anajua kilifanya nini. Mama yangu alikaa miaka 16 akimdanganya mtoto kidogo kwa aibu ambayo haikuwa yake.

Ndugu yangu hakuridhika. Kwenye matatu akaniuliza, "Sasa mtu naye ni kama seli ya ngozi? Ukimrudisha mwanzo anaweza kuwa wa popote?" Najua hapo mwandishi mwingine angesema ndiyo, sisi wakimbizi ndio seli shina za dunia, tunaweza kuota popote. Nilishawahi kusema kitu kama hicho kwenye kikao cha Jumamosi, msichana mmoja akainua mkono akasema, "Mimi sitaki kuwa chochote. Nataka kuwa mtu wa Torit." Nikakaa chini. Na sayansi yenyewe iko upande wake. Mwaka 2010 watafiti waliona kwamba hata hizo seli zilizorudishwa utotoni zinabaki na kumbukumbu ya zilikotoka. Iliyotoka kwenye damu, ukiiacha ichague, inaelekea kuwa damu tena. Nilimwambia ndugu yangu hivyo. Akauliza, "Na ambaye hana alikotoka anakumbuka nini?" Sikuwa na jibu, nikaangalia dirishani.

Kitu kimoja nilimwonyesha tulipokaribia mpaka. Mpaka wenyewe hauna kitovu. Kabla ya 1902, Kisumu na Naivasha zilikuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakahamisha mstari, na watu waliozikwa vitovu vyao Uganda wakaamka wako upande wa pili bila kuinua mguu. Pale Busia Wasamia wako huku na huku, Wateso wako huku na huku, shangazi yuko Kenya na mpwa yuko Uganda, wanavuka kwa boda kwenda kuchukua unga. Anayeuliza "kwenu ni wapi" kwa ukali, mara nyingi amepewa jibu lake na mtu wa ramani.

Busia tulimpata muuza pakiti bila shida. Yuko karibu na barabara inayoelekea mpakani, ana meza, mwavuli, na kipaza sauti kinachotaja magonjwa: sukari, presha, figo, selimundu, nguvu za kiume. Alituchangamkia. Nikamwuliza kama unga huu unatoka kwenye kitovu. "Kitovu kabisa, teknolojia ya Uswisi." Ndugu yangu akageuza pakiti. Ilikuwa na picha ya tufaha.

"Kitovu cha tufaha?" akauliza.

"Stem seli ni stem seli, kijana. Seli zote ni moja."

Unaona ujanja. Kuna ukweli ndani yake, ule ule tuliofundishwa Tororo kwamba seli zinafanana kuliko zinavyoonekana, lakini umegeuzwa mtego. Seli ukiimeza ni chakula. Tumbo linaisaga kama linavyosaga nyama au ndizi, haliulizi ilikuwa shina au tawi. Hakuna seli ya tufaha itakayotembea kutoka tumboni mpaka kwenye uboho wa mtoto ikaanza kutengeneza damu.

Nikasimama pale na 90,000. Hebu niseme ukweli wangu. Sikuwa na uhakika nina haki gani ya kutonunua. Pesa si zangu, mtoto si wangu. Yule mama hakuniomba ushauri, aliniomba nimbebee mzigo. Ningekuwa mimi ndiye natuma mtu dukani, naye anarudi na mahubiri, ningekasirika. Sisi watu wa vikao vya vijana tuna ugonjwa wa kujua mambo kwa niaba ya wengine, na nyinyi wa mashirika mnaugua zaidi, msinichukie. Lakini pia, kama nimetoka kuandika hapo juu kwamba heshima ni kumwambia mtu ukweli wa kitu na kumwacha aseme ndiyo au hapana, basi yeye hakuwa ameambiwa ukweli. Alisema ndiyo kwa kitu ambacho hakipo. Nikarudisha pesa mfukoni. Muuzaji akanitukana kidogo, si sana.

Nilipofika Kiryandongo nilimpelekea jioni ile ile, nikamweleza. Alisikiliza akiwa amesimama. Hakukasirika mwanzoni, alikasirika nilipoanza kumweleza kizuri. Nilifikiri nitampa tumaini la kweli badala ya lile la pakiti, nikamwambia kwamba habari ya kitovu kutibu damu si uongo wote. Oktoba 1988, Paris, daktari Éliane Gluckman alimtibu mtoto mmoja wa Marekani mwenye ugonjwa wa damu wa kurithi kwa damu ya kitovu cha dada yake aliyekuwa amezaliwa karibuni. Mtoto akapona, akakua, akawa mtu mzima. Na tangu hapo watoto wenye selimundu nao wametibiwa kwa uboho wa ndugu au damu ya kitovu cha ndugu katika nchi zenye uwezo.

Akaniangalia. Akasema, "Dada yake nimemzaa hapa hapa, mwaka juzi. Cha kwake kilikwenda shimoni."

Nikasema, "Ndiyo, mama, lakini..."

"Unaniambia dawa ya mtoto wangu ilikuwa shimoni?"

Lakini yangu ilikuwa ndefu, na yote ni kweli. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, nafasi ya kulingana sawasawa ni moja kati ya nne. Damu hiyo inabidi igandishwe kwenye baridi ya nitrojeni, chini ya sifuri kwa digrii karibu 196, ikakae huko. Kisha mtoto apelekwe hospitali itakayomuua uboho wake wa zamani kwanza, na anaweza kufa katika hilo. Tiba mpya kuliko hiyo, ya kurekebisha jeni za seli shina za mgonjwa mwenyewe, iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, na Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Kwa hiyo hapana, mama, haikuwa shimoni. Ingeweza kuwa dawa kama shimo lingekuwa friza, na kituo kingekuwa hospitali, na wewe ungekuwa mtu mwingine.

Sikumwambia hilo la mwisho. Nililifikiri tu, na tangu siku hiyo sijaona kosa ndani yake. Seli ni zile zile. Za mtoto wa Paris na za binti wa Kiryandongo ukiziweka kwenye sahani mbili hutajua ipi ni ipi. Kinachofanya moja kuwa dawa na nyingine kuwa taka hakimo ndani ya seli. Naomba wale wanaosema juu ya usawa wa binadamu kwenye mabango yetu walitafakari hapo kidogo, kwa sababu mimi nikianza siwezi kulala.

Kilicho karibu nilimwambia pia, na hicho ndicho alichokisikia polepole. Kuna dawa ya vidonge inayoitwa haidroksiyurea. Si ya kuponya, ni ya kupunguza. Ilijaribiwa kwa watoto wa Afrika katika nchi nne, na hapa Uganda ilikuwa Mbale, mwendo mfupi tu kutoka Tororo tulikokuwa tumelala. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2018: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua. Watoto wale nao walitolewa damu na mama zao waliulizwa kwanza. Nikamwambia tutakwenda wote kuuliza kliniki kama wanayo.

Akachukua kitambaa chake, akahesabu pesa mbele yangu, noti moja moja, akaingia ndani. Wiki mbili hatukusalimiana vizuri. Tulikwenda kliniki mwezi uliofuata, mtoto ameandikishwa, dawa mara ipo mara haipo. Juzi niliingia kwake kuazima sufuria, nikaona pakiti mbili zenye picha ya tufaha juu ya kabati, moja imefunguliwa. Alimtuma mtu mwingine. Hakuzificha, na mimi sikuuliza.

Ombi langu moja kwa wakunga na wahudumu wanaosoma jarida hili ni dogo, halihitaji friza wala bajeti. Mama akishajifungua, muulizeni: unataka kuondoka nalo, ama tulizike sisi? Najua kuna sheria za usafi na hofu ya maambukizi, na wengi watasema wekeni shimoni, hatuna pa kuzika. Shimo ni lile lile. Lakini atakuwa amesema.

Ndugu yangu alirudisha fomu ikiwa imechelewa. Kwenye nyumbani aliandika Mulanda. Mwalimu akamwita, akamwambia Mulanda si makazi ya wakimbizi tena, imefungwa zamani, abadilishe. Akabadilisha, akaandika Kiryandongo, kwa penseli.